Madhila ya Utotoni na Afya ya Akili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Utafiti wa Katie McLaughlin

Maswali haya ndiyo yanayorudi tena na tena kutoka kwa wanafunzi wa saikolojia, walimu, maofisa ustawi wa jamii na wazazi kila mada hii inapojadiliwa. Yameanzia kwenye mambo ya msingi, na yale yenye utata yamewekwa mwishoni. Jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, msomaji ameelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

Katie McLaughlin ni nani, na anachunguza nini?

Ni mwanasaikolojia wa Marekani aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Yale, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Washington kilichopo Seattle na baadaye Harvard. Tangu 2023 anaongoza Taasisi ya Ballmer ya Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Portland, inayoandaa wahudumu wa afya ya akili ya watoto katika ngazi ya shahada ya kwanza.

Watafiti wengi kabla yake walikwisha kuonyesha kwamba mateso ya utotoni na magonjwa ya akili huandamana. McLaughlin anauliza kinachopita katikati: jambo lililompata mtoto akiwa na miaka minne linapitia wapi, katika ubongo, katika homoni na katika namna ya kuwatazama watu, hadi lijitokeze kama sonona akiwa na miaka kumi na sita? Swali hilo lina faida ya vitendo, kwa sababu yaliyokwisha kutokea hayafutiki, ilhali njia yanayopitia inaweza kuzibwa.

«Madhila ya utotoni» maana yake ni nini hasa?

Kwa miaka mingi kila mtafiti alikuwa na orodha yake, na orodha hizo zilitofautiana kiasi kwamba matokeo hayakulinganishika. Mwaka 2016 McLaughlin alipendekeza maana yenye masharti mawili. Kwanza, iwe ni hali ya mazingira, inayomfika mtu utotoni au katika ujana, ambayo ingemlazimu mtoto wa kawaida kujirekebisha kwa kiasi kikubwa kisaikolojia, kijamii au katika mfumo wa fahamu. Pili, iwe ni hali iliyo mbali na mazingira ambayo mtoto wa binadamu huzaliwa akiyatarajia, kama vile kuwa na mtu mzima wa kudumu anayemlinda, anayemlisha na anayezungumza naye.

Kwa maana hiyo kufeli mtihani au kuhama shule si madhila, hata kama mtoto atalia wiki nzima. Kwa upande mwingine, kukosa kitu kunahesabika sawa na kutendewa kitu: mtoto ambaye hajawahi kupigwa wala kutukanwa, lakini hakuna anayemsemesha tangu asubuhi hadi jioni, yumo ndani ya maana hii kikamilifu. Ndiyo sababu hapa limetumika neno «madhila» badala ya «ukatili», kwani ukatili huhitaji mkono wa mtu.

Uhusiano wa madhila na magonjwa ya akili una uzito gani?

Ni mkubwa. Katika uchambuzi uliochapishwa 2012, McLaughlin na wenzake walitumia taarifa za vijana 6,483 wa Marekani pamoja na mzazi mmoja wa kila kijana. Takriban 58% walikuwa wamepitia angalau aina moja ya madhila, na wengi wao walikuwa wamepitia zaidi ya moja. Madhila hayo yalihusishwa na takriban 28% ya magonjwa yote ya akili yaliyoanza katika kundi hilo. Tafiti za Shirika la Afya Duniani katika nchi 21, zilizochapishwa 2010, zilipata makadirio yanayokaribiana na hayo, karibu 30%.

Asilimia hiyo 28 husomwa vibaya mara kwa mara. Haina maana kwamba 28% ya waliopitia madhila waliugua. Ni kadirio la sehemu ya magonjwa ambayo isingekuwepo kama madhila yenyewe yasingekuwepo, na hata hivyo ni kwa sharti kwamba madhila ndiyo kisababishi.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki wanaodhani kwamba haya ni mambo ya Wamarekani, utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na takriban robo tatu ya watoto wa jinsia zote mbili walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili.

## Kuhesabu, na mipaka ya kuhesabu

Alama ya ACE, ile ya sifuri hadi kumi, ilitoka wapi?

ACE ni kifupi cha maneno ya Kiingereza «Adverse Childhood Experiences», yaani madhila ya utotoni, na alama ni idadi ya aina za madhila alizopitia mtu. Ilitoka San Diego, Kalifornia. Katika miaka ya 1980 daktari Vincent Felitti aliendesha kliniki ya watu wenye unene wa kupindukia, akashangaa kuona kwamba baadhi ya waliokuwa wakipungua uzito vizuri ndio waliokuwa wakiacha matibabu. Alipowahoji aligundua kwamba wengi walikuwa wametendewa vibaya kingono utotoni. Baadaye alishirikiana na Robert Anda wa taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wakawauliza maelfu ya wanachama wa bima ya Kaiser Permanente kuhusu utoto wao, na mwaka 1998 wakachapisha matokeo ya kwanza. Waliokuwa na aina nne au zaidi za madhila walikuwa na hatari kubwa mara 4 hadi 12 ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, ikilinganishwa na wasiokuwa na hata moja.

Utafiti huo ulifungua mlango, na heshima yake haipungui. Wahojiwa wake, hata hivyo, walikuwa watu wenye bima ya afya, wengi wao Wazungu wa tabaka la kati, na orodha ya maswali ilitokana na maisha yao. Vita, ukimbizi, njaa na kufiwa na wazazi wote wawili havikuwemo.

Kwa nini McLaughlin hakuridhika na kuhesabu?

Kwa sababu hesabu hugeuza vitu tofauti kuwa kitu kimoja. Mtoto anayepigwa na baba mlevi na kushuhudia mama akipigwa ana alama tatu. Mtoto ambaye wazazi wametengana, mama yuko gerezani na hakuna anayejali kama amekula au hajala naye ana alama tatu. Anayehesabu atasema wawili hawa wamepitia yaleyale, na mwalimu yeyote aliyewahi kuwa nao darasani atashangaa.

Kasoro ya pili ni kwamba hesabu haielezi njia. Ukijua kwamba alama nne ni mbaya kuliko mbili, bado hujui umsaidie mtoto kulala bila hofu au umfundishe msamiati.

Tishio na unyimwaji vinatofautianaje?

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yake. Mwaka 2014 McLaughlin na Margaret Sheridan walipendekeza kwamba badala ya kuhesabu matukio, mtafiti aangalie vipimo viwili vinavyopita ndani ya matukio hayo. Tishio ni kuwepo kwa madhara au hatari ya madhara kwa mwili wa mtoto au wa mtu wake wa karibu: kupigwa, kubakwa, kushuhudia mapigano nyumbani au risasi mtaani. Unyimwaji ni kutokuwepo kwa yale ambayo ubongo unaokua huyategemea, yaani kusemeshwa, kuchezeshwa, kufundishwa na kuwa na mlezi anayeitika mtoto anapolia.

Hivi ni vipimo, wala si mafungu ya watoto. Mtoto mmoja anaweza kuwa juu katika kimoja na chini katika kingine, au juu katika vyote viwili, jambo ambalo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani (tazama swali la wakosoaji). Dai la nadharia ni kwamba kila kipimo kina athari zake, na kwamba ukikadiria kimoja bila kukidhibiti kingine utachanganya mambo.

## Yanayotokea katika ubongo na mwili

Tishio hubadili nini?

Hubadili namna ya kuisoma hatari. Seth Pollak wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwaonyesha watoto picha za nyuso zilizokuwa zikionekana wazi hatua kwa hatua. Waliowahi kupigwa walitambua hasira mapema kuliko wenzao, picha ikiwa bado haijakamilika. Ukiishi na mtu ambaye sura yake ikikunjamana unapata kipigo, kuiona ndita kabla haijakunjika ni akili, si ugonjwa.

Shida huanza uwezo huo unapobebwa hadi mahali pasipo na hatari. Katika jaribio lililochapishwa 2016, kundi la McLaughlin liliwaonyesha watoto maumbo mawili, moja likifuatwa na kelele ya kuudhi na jingine likifuatwa na ukimya, huku jasho la ngozi likipimwa. Watoto wa kawaida walijifunza upesi lipi ni la kuogopwa na lipi ni salama. Waliowahi kutendewa ukatili hawakuonyesha tofauti hiyo. Tafiti nyingi za aina hii pia zimeonyesha kwamba amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hatari, huwaka kwa nguvu zaidi watoto hawa wanapoonyeshwa nyuso za hasira au za hofu. Hapo ndipo zinapopita njia za wasiwasi, sonona na ghadhabu za ghafla.

Na unyimwaji je?

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka Romania. Mwaka 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu ilipiga marufuku utoaji mimba ili kuongeza idadi ya watu, na matokeo yake makumi ya maelfu ya watoto waliachwa katika makao ya serikali, ambako mlezi mmoja aliwahudumia wengi kwa zamu. Watoto walilishwa na kubadilishwa nguo kwa ratiba, lakini hawakusemeshwa. Baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1989, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianzisha mradi mjini Bucharest: watoto 136 wenye umri wa miezi 6 hadi 31 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapelekwa katika familia za malezi ya kambo, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida wa serikali.

McLaughlin alijiunga na uchambuzi wa mradi huo. Mwaka 2014 yeye na wenzake walionyesha kwamba gamba la nje la ubongo lilikuwa jembamba zaidi kwa watoto waliolelewa makaoni kuliko kwa waliolelewa nyumbani, na kwamba wembamba huo ulieleza sehemu ya hali yao ya kutotulia na kushindwa kumakinika. Mwaka uliofuata walipima miili ya watoto hao, waliokuwa wamefikia takriban miaka 12, wakati wa majaribio ya kuwatia msongo, kwa mfano kuhutubia mbele ya watu wazima. Waliobaki makaoni, moyo na homoni ya kotisoli viliitika kwa unyonge kuliko ilivyotarajiwa. Waliohamishiwa katika familia mapema, kabla au karibu na kutimiza miaka miwili, waliitika kama watoto wa kawaida. Kwa kuwa bahati nasibu ndiyo iliyoamua nani aende wapi, haiwezekani kusema tofauti ilitokana na damu au ukoo.

Je, ilikuwa haki kuwaacha nusu ya watoto makaoni?

Swali hili huulizwa kila mara, na ni vizuri liulizwe. Wakati mradi unaanza, malezi ya kambo karibu hayakuwepo Bucharest. Mradi ndio uliotafuta familia na kuzilipa. Hakuna mtoto aliyezuiwa kutoka makaoni pale ilipopatikana nafasi ya kurudi kwao au ya kuasiliwa. Matokeo ya kwanza yalikabidhiwa kwa serikali, na baadaye Romania ikapitisha sheria inayozuia watoto wadogo chini ya miaka miwili kuwekwa makaoni. Binafsi naona hoja hizo zinatosha, ila namwelewa anayesema kwamba kura inayoamua utoto wa mtu haimpi usingizi.

Ni kweli kwamba watoto waliopitia madhila hubalehe mapema?

Waliopitia tishio, ndiyo, kwa wastani. Mwaka 2020 Natalie Colich, McLaughlin na wenzao walikusanya tafiti zilizokuwapo, wakakuta kwamba tishio lilihusishwa na balehe ya mapema na dalili za kuzeeka haraka kwa seli, ilhali unyimwaji haukuhusishwa hivyo. Huu ni mmoja wa mifano bora ya faida ya kutenganisha vipimo viwili, kwa sababu mtu anayehesabu alama tu asingeuona.

## Fimbo, umaskini na malezi ya kwetu

Je, kiboko cha kuadabisha nacho ni tishio?

Mwaka 2021 Jorge Cuartas, McLaughlin na wenzao walichapisha utafiti wa watoto 147 wa Marekani, ambamo waliofanyiwa ukatili mkubwa waliondolewa. Wakiwa ndani ya mashine ya MRI, watoto walionyeshwa nyuso zenye hofu na nyuso tulivu. Waliowahi kuchapwa na wazazi waliitika kwa nguvu zaidi kwa nyuso za hofu kuliko wasiowahi kuchapwa, katika sehemu kadhaa za mbele ya ubongo. Watafiti walipowalinganisha na watoto waliofanyiwa ukatili mkubwa, hawakupata sehemu ambayo mwitiko wa makundi hayo mawili ulitofautiana.

Utafiti huu hausemi kwamba kila aliyechapwa atakuwa mgonjwa, wala haukumpima mtoto kabla ya kuchapwa. Unachosema ni kwamba ubongo hauonekani kuweka mpaka pale mzazi anapouweka, kati ya «adabu» na «ukatili». Wenye kusema samaki mkunje angali mbichi wana haki ya kuutumia usemi wao, ila usemi wenyewe hautaji fimbo. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inairuhusu kwa kanuni maalumu.

Je, umaskini ni madhila?

McLaughlin hauweki umaskini wenyewe katika tishio wala katika unyimwaji. Umaskini huongeza uwezekano wa vyote viwili, lakini nyumba maskini inaweza kuwa na maneno mengi, hadithi na ulinzi wa kutosha.

Hata hivyo, pesa ina kazi yake. Uchambuzi wa 2023 wa David Weissman, McLaughlin na wenzao ulihusu zaidi ya watoto 10,000 wa miaka 9 hadi 11 katika majimbo 17 ya Marekani. Kipato kidogo cha familia kilihusishwa na hipokampasi ndogo zaidi, sehemu muhimu kwa kumbukumbu, na pengo kati ya wenye kipato na wasio nacho lilikuwa kubwa zaidi palipo na gharama kubwa za maisha. Katika majimbo ya gharama hizo ambako serikali hutoa misaada mikubwa ya fedha, pengo hilo lilipungua kwa 34%. Hayo ni mahusiano, si jaribio la bahati nasibu kama la Bucharest, lakini yanafaa kusomwa na yeyote anayebishana kuhusu ruzuku za kaya maskini.

Mtoto analelewa na bibi, wazazi wako mjini. Je, amenyimwa?

Kwa kigezo cha McLaughlin, hapana. Kinachotarajiwa na mtoto ni mlezi wa kudumu anayemjali, na hakuna palipoandikwa kwamba lazima awe mama mzazi. Kuhamishwa kila mwaka kutoka kwa bibi kwenda kwa shangazi na kutoka kwa shangazi kwenda kwa mjomba ni jambo jingine.

## Kupona

Kama miaka miwili ya mwanzo ni muhimu hivyo, je, aliyekwisha kuvuka umri huo ndio basi?

La. Umri wa miaka miwili katika utafiti wa Bucharest unahusu unyimwaji uliokithiri na baadhi tu ya mifumo ya mwili. Njia za tishio, kama ile ya kushindwa kutofautisha hatari na usalama, zinaweza kufundishwa upya hata katika ujana na utu uzima, na tiba za kisaikolojia zilizotengenezwa kwa ajili ya waathirika wa matukio ya kutisha hufanya kazi hiyo hasa: mtoto husaidiwa kulieleza tukio hatua kwa hatua, mbele ya mtu salama, mpaka kumbukumbu iache kuwa hatari yenyewe.

Tiba hiyo inahitaji madaktari bingwa?

Si lazima, na ushahidi uko karibu nasi. Shannon Dorsey wa Chuo Kikuu cha Washington, pamoja na watafiti wa Kenya na Tanzania, waliendesha mradi uliojulikana kwa jina la Pamoja Tunaweza, uliowahusu yatima 640 wa miaka 7 hadi 13 katika maeneo ya Bungoma na Moshi, mjini na vijijini. Waliotoa tiba walikuwa washauri wasio na taaluma ya afya ya akili, waliofundishwa na kusimamiwa. Matokeo yalichapishwa 2020. Mwishoni mwa tiba, watoto waliohudumiwa walikuwa na dalili chache zaidi za msongo unaofuata kiwewe kuliko waliopata huduma za kawaida, katika maeneo matatu kati ya manne. Moshi mjini tofauti haikuonekana. Baada ya mwaka, tofauti ilikuwa imedumu upande wa Kenya. Upande wa Tanzania hata watoto wa kundi la kulinganishia walikuwa wamepata nafuu.

## Maswali yenye utata

Kumbukumbu za watu wazima zinaaminika?

Kwa kiasi kidogo kuliko tunavyopenda. Jessie Baldwin na wenzake walichapisha mwaka 2019 mapitio ya tafiti zilizolinganisha rekodi zilizochukuliwa wakati wa utoto na yale ambayo watu haohao walisimulia baadaye. Zaidi ya nusu ya waliorekodiwa kuwa waathirika hawakulisema jambo hilo ukubwani, na zaidi ya nusu ya waliolisema hawakuwa katika rekodi. Hii haina maana kwamba wanadanganya. Rekodi zenyewe hukosa mengi, na yanayofanyika chumbani hayaandikwi. Ina maana kwamba makundi hayo mawili si watu walewale, na mtafiti aseme wazi anazungumzia lipi.

Wakosoaji wanasemaje?

Pingamizi zito limetoka kwa Seth Pollak yuleyule tuliyemtaja katika swali la tishio. Mwaka 2021 yeye na mwenzake walidai kwamba kugawanya maisha ya mtoto katika tishio na unyimwaji ni kazi ya mtafiti mezani: ubongo hauna sehemu moja ya hiki na nyingine ya kile, na kilicho muhimu ni jinsi mtoto mwenyewe anavyolitafsiri jambo. McLaughlin na wenzake walijibu mwaka huohuo kwamba vipimo ni zana ya kupima mazingira, si madai kwamba ubongo una droo mbili, na kwamba tafsiri ya mtoto inapaswa kuchunguzwa pembeni ya tukio, isichanganywe nalo.

Nionavyo, wakosoaji wana nguvu zaidi pale vipimo vinapoingiliana. Mtoto aliyefungiwa chumbani siku mbili bila chakula amenyimwa, na pia ametishwa, na hakuna fomula ya takwimu itakayomtenganisha na nusu yake.

Shule yetu inataka kuwapima wanafunzi wote kwa dodoso la ACE. Tuanze?

Hapana. Robert Anda, mmoja wa waanzilishi wa dodoso lenyewe (tazama swali la alama ya ACE), aliandika mwaka 2020 kwamba alama hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kuchunguza jamii na haifai kutumika kumwamulia mtu mmojammoja. Wawili wenye alama nne wanaweza kutofautiana kama mchana na usiku, kwa kuwa dodoso haliulizi jambo lilitokea mara ngapi, kwa ukali gani, katika umri gani, wala nani alikuwepo kumshika mtoto mkono. Mwaka 2021 Baldwin na wenzake walithibitisha kwa takwimu kwamba alama hiyo hubashiri vibaya nani hasa ataugua.

Liko pia jambo ambalo takwimu hazihusiki nalo. Mtoto akiweka alama ya «ndiyo» kwenye swali la kubakwa, karatasi hiyo itasomwa na nani, na siku ileile atafanya nini? Shule ianze na jibu la swali hilo: mwalimu mmoja aliyefundishwa kusikiliza, namba ya simu ya bure ya kuwasaidia watoto, 116, inayotumika Tanzania na Kenya, na, kwa Tanzania, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.